Mumiani, Chanjo na Kipandikizi: Uhakiki wa Maneno Tunayoyatumia kwa Vitu Viingiavyo Mwilini

Imekuwa desturi yetu sisi tuliosoma, tunaposikia ya kuwa watu wa mahali fulani wamekataa dawa au chombo kipya cha kutiwa mwilini, kutamka neno moja tu, nalo ni ujinga. Kisha mjadala hufungwa. Mimi naona ya kuwa neno hilo halijatufaa kitu. Halituelezi kwa nini mtu yule yule aikataaye sindano moja huikubali nyingine, wala kwa nini mama aliyeikimbia chanjo mwaka 2021 amebeba kijiti cha uzazi wa mpango mkononi mwake kwa hiari yake mwenyewe. Neno lisiloweza kutenganisha mambo mawili yaliyo mbali hivi si maelezo, bali ni tusi lililovikwa joho la kitaalamu.

Katika makala haya nakusudia kuyahakiki maneno machache ya Kiswahili yanayohusu vitu viingiavyo mwilini, yaani mumiani, chanjo, nembo, kasumba na kipandikizi, na pamoja nayo sarufi ya sentensi ambazo hutumiwa kuvitangaza. Mahali nilipoanzia kulifikiri jambo hili ni Nanyamba, katika Mkoa wa Mtwara, nchi ya mikorosho na ya Wamakonde, njiani baina ya pwani na miinuko ya Newala na Tandahimba. Wasomaji wa jarida hili hawahitaji kuambiwa ya kuwa Kiswahili cha huko husemwa na watu ambao lugha yao ya nyumbani ni Kimakonde, na ya kuwa kwa sababu hiyo hulisikia neno la Kiswahili kwa makini kuliko sisi tulizoea.

Nilikuwa nimekaa pembeni katika mkutano mmoja wa kijiji, mbali kidogo na mji, ambapo mhudumu wa afya alikuwa akiwaeleza akina mama juu ya vipandikizi vya kuzuia mimba. Alieleza vizuri. Alisema ya kuwa aina moja ni vijiti viwili, nyingine ni kijiti kimoja. Ya kuwa urefu wake ni kiasi cha sentimeta 4. Ya kuwa hutiwa chini ya ngozi ya mkono wa juu, na hufanya kazi miaka 5 au 3 kwa kufuata aina yake. Alipomaliza, bibi mmoja aliyekuwa ameketi juu ya mkeka akamwambia, “Mwanangu, tumesikia kitakavyoingia. Sasa tueleze kitakavyotoka.” Watu walicheka, na mhudumu naye akacheka, akaenda kwenye swali jingine. Baadaye nilielezwa ya kuwa mkaza mwana wa bibi huyo alikwenda kwenye zahanati kutolewa kijiti kilichokwisha muda wake, akaambiwa arudi siku nyingine kwa kuwa siku hiyo hapakuwa na mtu ajuaye kukitoa. Akarudi, akaambiwa vivyo hivyo. Bibi yule hakuwa akisimulia uvumi. Alikuwa akiuliza swali la kitabibu, tena lililo bora kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, nasi tulilicheka.

Basi na tuanze na neno lililo kongwe na lenye kuogopwa zaidi, yaani mumiani. Asili yake ni Kiajemi, na shina lake ni neno lenye maana ya nta. Kwanza lilitajwa lami iliyotoka katika miamba, ambayo waganga wa Uajemi na wa Uarabuni waliitumia kuunga mifupa na kutuliza maumivu. Neno hilo hilo likavuka hadi Ulaya, na huko likatumika kwa maiti za Misri zilizokaushwa, kwa kuwa zilidhaniwa zimepakwa lami ile. Kwa muda wa karne kadhaa wauza dawa wa Ulaya walisaga vipande vya maiti hizo, wakaviuza kama dawa ya kunywa. Nayasema haya kwa sababu moja: yule Mwafrika wa pwani aliyesadiki ya kuwa dawa ya wageni hutengenezwa kwa miili ya watu, na Mwingereza aliyemcheka, walikuwa wakitumia neno moja, na katika historia ya neno hilo yule aliyechekwa hakuwa mbali sana na kweli.

Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 chini ya uongozi wa Frederick Johnson yaandika maana zote mbili: kwanza dawa nyeusi mfano wa ulimbo, kisha imani ya watu ya kuwa dawa hiyo ni damu ya binadamu iliyokaushwa. Tangu hapo neno limesogea tena. Leo msemaji wa kawaida husema “mumiani amekuja” au “mumiani wamepita”, akitumia upatanisho wa viumbe wenye uhai. Kitu kimekwisha kuwa mtu. Mwanafunzi wa sarufi atalitia jambo hili katika fungu la mabadiliko ya ngeli, naye hatakosea. Lakini yafaa atazame pia mabadiliko hayo yaliletwa na nini. Dawa haiulizwi imekuja kwa nani, mtu huulizwa. Lugha ilipomfanya mumiani kuwa mtu, ilikuwa ikitafuta mtendaji.

Bi. Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000 juu ya uvumi wa wanyonya damu katika Afrika ya kikoloni, ameonyesha ya kuwa hadithi hizi zilienea Afrika ya Mashariki na ya Kati, na ya kuwa kila mahali zilichukua jina la watu wenye kazi fulani: wazimamoto katika Uganda na Kenya, banyama katika Rhodesia ya Kaskazini ya zamani, batumbula katika Kongo. Kazi yake ni kubwa, na hapana mtafiti wa jambo hili awezaye kuipita bila kuisoma. Yeye ametufundisha kuzisoma hadithi hizi kama ushahidi wa jinsi watu walivyoiona dola ya kikoloni, badala ya kuzitupa kama upuuzi. Walakini nina mambo mawili ya kumhoji. La kwanza ni juu ya neno la Kiingereza alilolichagua kuwa jina la wote hawa. Yule kiumbe wa Ulaya hunyonya kwa kinywa chake kwa ajili ya kushiba yeye. Mumiani hutumia chombo, hufanya kazi kwa ajira, na damu aichukuayo hupelekwa mahali pengine kwa faida ya mtu asiyeonekana. Wa kwanza ana njaa. Wa pili ana tajiri. La pili ni ya kuwa, akiisha kuzifanya hadithi hizi kuwa lugha ya kusemea mambo mengine, yaani kodi, kazi na utawala, msomaji aweza kusahau ya kuwa nyingi kati yake zilihusu sindano zenyewe, na damu yenyewe, na mwili wenyewe. Bibi wa Nanyamba hakuwa akisema kwa mafumbo. Alikuwa na kijiti halisi cha kuulizia.

Wala haifai tukiisha kumtetea msikilizaji tukaficha madhara. Mwaka 1959, huko Buguruni katika Dar es Salaam, ghasia za mumiani zilimwua askari polisi. Mwezi Oktoba mwaka 2016, katika Wilaya ya Chamwino, Mkoa wa Dodoma, watafiti wa udongo waliotoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, watu watatu kwa jumla, waliuawa na wanakijiji waliowadhania kuwa ni wanyonya damu. Walikwenda kuchukua udongo. Hapana uhakiki wa maneno uwezao kulipunguza jambo hilo, na mtu atakayesema ya kuwa uvumi ni fasihi simulizi tu, na azikumbuke familia hizo tatu. Ni kwa sababu uvumi huua ndipo yatupasa kuuelewa kwa bidii kuliko tunavyofanya.

Ng'ambo ya Ruvuma kuna mfano mwingine utufaao. Katika majimbo ya kaskazini ya Msumbiji, hasa Nampula, tangu miaka ya mwisho ya 1990 wahudumu wa afya walishambuliwa mara kadhaa kwa tuhuma za kueneza kipindupindu, na mwanasosholojia Carlos Serra wa Maputo aliuchunguza mkasa huo. Wahudumu walikuwa wakitia klorini katika maji ili kuua vijidudu. Kwa Kireno klorini ni cloro, na kipindupindu ni cólera. Katika masikio ya watu ambao Kireno si lugha yao, maneno haya mawili yalikaribiana mno, na mtu aliyeonekana akitia cloro kisimani alisikika akitia cólera. Sisemi ya kuwa ghasia zile zilitokana na matamshi peke yake. Umaskini na kuitilia shaka serikali vilikuwa na sehemu kubwa. Lakini nasema ya kuwa palipokuwa na shaka tayari, neno lilitumika kama kiberiti, na aliyelichagua hakujua ya kuwa anabeba moto.

Sasa tutazame chanjo. Kitenzi chake ni kuchanja, yaani kukata kidogo kidogo kwa wembe. Kabla ya hospitali mganga alichanja chale, akapaka dawa katika damu ili iingie. Waliochagua neno hili kwa ajili ya kinga ya kisasa walifanya uchaguzi mzuri, maana lilisema wazi ya kuwa ngozi itafunguliwa na kitu kitaingia, na lilipatana na jambo ambalo watu walilijua. Wamakonde zaidi ya wengi walijua mwili unavyoandikwa. Nembo zao za usoni, ambazo kwa Kimakonde huitwa dinembo, na ndonya iliyotiwa katika mdomo wa juu wa wanawake, ni ushahidi ya kuwa watu hawa hawakuwa na hofu ya chombo kuingia mwilini. Mbele yao, hofu ya teknolojia iingiayo mwilini haiwezi kuelezwa kuwa hofu ya kuingiliwa mwili tu.

Tofauti i wapi? Mchora nembo alijulikana kwa jina na kwa nyumba. Alama aliyoiandika ilimtambulisha aliyeibeba kwa watu wake, wala haikupeleka habari zake kwa mtu asiyemjua. Ndonya aliivaa mwenyewe na aliweza kuitoa mwenyewe. Na hapa lugha yetu imetuwekea kichekesho kikali. Neno nembo, lililokuwa alama ya ukoo katika ngozi ya mtu, leo ni alama ya kampuni juu ya mfuko wa saruji na juu ya kasha la simu. Alama imetoka usoni mwa mtu ikaenda kwa mwenye mali. Yule anayeogopa ya kuwa chombo cha kampuni kitaingia mwilini mwake anaogopa, kwa maneno mengine, ya kuwa nembo itarudi katika ngozi yake, lakini safari hii si nembo ya ukoo wake.

Neno kipandikizi ndilo linalonipa taabu kuliko yote. Kuunda kwake hakuna kosa: panda, pandika, pandikiza, kipandikizi. Lakini maana zake katika vinywa vya watu ni tatu, na watunga istilahi walitazama moja tu. Ya kwanza ni ya shamba: kupandikiza ni kuuhamisha mche kutoka kitaluni na kuutia mahali pengine ili ushike mizizi na ukue. Ya pili ni ya siasa: mtu aliyepandikizwa katika chama ni jasusi wa chama kingine, anayekaa nawe huku akimtumikia aliyemtuma. Ya tatu ndiyo ya hospitali. Msikilizaji hana wajibu wa kuisahau ya kwanza na ya pili kwa sababu ameingia mlango wa zahanati. Kuna wasemao ya kuwa kijiti hutembea mwilini hata kikafika moyoni. Matabibu wana haki ya kulikanusha jambo hilo. Lakini sisi wenye lugha tujiulize kama inashangaza mkulima kudhani ya kuwa kitu alichoambiwa kimepandikizwa kitasogea na kuota. Na inapovuma ya kuwa ndani ya sindano mna chipu ipelekayo habari mbali, tumekutana na maana ya pili: pandikizi, mtumishi wa mwingine aliyekaa ndani yako.

Tena iko sarufi. Tangazo la kawaida husema, “Mtawekewa vipandikizi,” au “Wananchi watachanjwa.” Vitenzi hivi viko katika kauli ya kutendwa, na mtendaji hatajwi. Hilo peke yake ni jambo la kutafakari, kwa kuwa tumekwisha kuona jinsi lugha ilivyohangaika kumtafutia mumiani mtendaji. Lakini hasa kauli ya kutendewa ndiyo yenye mtego. Twasema “amewekewa chakula” na “amewekewa akiba”, na papo hapo twasema “amewekewa sumu” na “amewekewa mtego”. Kiambishi ni kile kile. Lugha haisemi kama jambo limetendwa kwa faida ya mtu au kwa hasara yake. Kinachoamua ni kile ambacho msikilizaji akijua tayari juu ya mtendaji. Basi ofisa asemapo “mtawekewa”, bila ya kumtaja atakayeweka, amemwachia msikilizaji kuijaza sentensi kwa uzoefu wake. Na uzoefu wa Mtwara si karatasi nyeupe: mwezi Januari na mwezi Mei mwaka 2013 palikuwa na maandamano na ghasia juu ya bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, na madai ya watu yalikuwa ya kuwa mali inatolewa kwao bila ya wao kuona faida.

Wala msikilizaji hakuachwa na sauti moja ya kusikiliza. Mwishoni mwa Januari mwaka 2021 Rais wa nchi alizitilia shaka chanjo za Korona hadharani. Tarehe 28 Julai ya mwaka ule ule Rais aliyemfuata alichanjwa mbele ya kamera ili kuwapa watu moyo. Kabla ya hapo, watu walikuwa wamekwisha kupanga foleni ili kusajili laini za simu kwa alama za vidole, na mwisho wa kusajili ukawa tarehe 20 Januari mwaka 2020. Mtu aliyeubandika wino wa vidole vyake tangu zamani juu ya karatasi, sasa aliona kidole chake kikiwekwa juu ya kioo na jina lake likitokea. Tusiseme basi ya kuwa wazo la mwili kusomwa na mashine limetoka angani. Alilipata kwa wakala wa simu, chini ya mwavuli, sokoni.

Kipimo cha hoja yangu ni kama naweza kuonyesha ya kuwa pale maswali ya watu yanapojibiwa, chombo hukubaliwa. Naweza. Katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, wagonjwa hutiwa chombo kinachousukuma moyo upige sawasawa, nacho kwa Kiswahili huitwa betri ya moyo. Katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, tangu mwaka 2017, watoto wasiosikia wametiwa chombo cha usikivu, ambacho nyuzi zake huingia ndani kabisa ya sikio na kuamsha neva iendayo kwenye ubongo. Hiki cha pili, kwa kadiri ya umbali kiendao, ni jirani wa karibu wa kile chombo cha ubongo kinachowatisha watu leo. Lakini watu hawakukiita mumiani. Mama aliona mtoto wake akigeuka kwa kuitwa jina. Na tazama ubora wa lile jina la kwanza: betri ya moyo husema kitu chenyewe ni nini, kinafanya kazi gani, na hata hudokeza ya kuwa siku moja kitakwisha nguvu na kitahitaji kubadilishwa. Istilahi hii ingestahili kutolewa mfano darasani.

Twende sasa kwenye ubongo. Mwezi Januari mwaka 2024 kampuni ya Neuralink ya Marekani ilimtia mtu wa kwanza chombo chake kichwani. Ni kidude cha ukubwa wa sarafu, chenye nyuzi 64 nyembamba kuliko nywele na vituo 1,024 vya kupokelea ishara za ubongo. Mtu huyo aliyepooza aliweza kuendesha kompyuta kwa fikira zake, na hilo ni jambo la kushukuru. Baada ya wiki chache baadhi ya nyuzi zilichomoka mahali pake, na kampuni ilikiri hivyo mwezi Mei. Mwenye kampuni, Elon Musk, amekwisha kusema hadharani ya kuwa anakusudia hatimaye chombo hiki kiwafikie hata watu wenye afya. Kijana mmoja mwendesha bodaboda wa Nanyamba, aliyekwisha kuona habari hizi katika simu yake, aliniambia, “Mwalimu, mganga akinichanja vibaya nakujua kwake. Huyu wa Marekani nikiumwa nitamfuata wapi?”

Wengine watasema ya kuwa hilo ni swali la mtu asiyejua jinsi makampuni ya kisasa yanavyofanya kazi. Mimi nasema ni swali la mtu ajuaye vema. Kampuni ya Second Sight, ya California, iliwatia watu zaidi ya 350 duniani chombo cha kuwapa vipofu nuru kidogo ya macho. Mwaka 2019 iliacha kukitengeneza, na mwaka 2020 ilikaribia kufilisika. Watu wale walibaki na vyuma ndani ya macho yao ambavyo hapana tena wa kuvitengeneza vikiharibika. Hawakuwa watu wa Nanyamba. Walikuwa watu wa miji mikubwa, wenye madaktari na mawakili. Laiti pangalikuwa na bibi mmoja katika chumba kile cha kutia sahihi, akawauliza kitakavyotoka.

Tena haifai kudhani ya kuwa mashaka hukaa vijijini na imani hukaa mijini pamoja na hekima. Mwezi Julai mwaka 2023, Nairobi, watu kwa maelfu walipanga foleni ili mboni za macho yao zipigwe picha na mashine ya mviringo ya Worldcoin, wakapewa fedha za kidijitali za thamani ya kiasi cha shilingi 7,000 za Kenya. Tarehe 2 Agosti serikali ilisimamisha shughuli hiyo, na mwezi Mei mwaka 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru habari hizo za macho zifutwe. Hapa ndipo tunapoona ya kuwa kukubali upesi si elimu, kama kukataa upesi kusivyokuwa ujinga. Nchini kwetu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei mwaka 2023. Sheria hiyo nayo, ukiitazama, imejengwa juu ya maswali ya bibi yule: nani amechukua, kwa idhini gani, na nitakitoaje.

Kiswahili kina neno moja la kale ambalo, kwa mawazo yangu, lilikuwa limekwisha kuliona jambo la ubongo kabla yetu, nalo ni kasumba. Kasumba ilikuwa afyuni, kitu cha kuvuta au kumeza, kiletacho ulevi. Katika miaka ya kupigania uhuru ikawa jina la fikira za mkoloni zilizokaa kichwani mwa mtawaliwa hata akazidhani kuwa zake. Kitu kilichotoka nje, kikaingia kichwani, kikamfanya mtu amtumikie mwingine huku akijiona huru: hiyo ndiyo hofu yote ya chombo cha ubongo kwa neno moja. Mtu wa lugha hii hakuhitaji kungoja habari kutoka Marekani ili aanze kuogopa. Alikuwa na neno, na neno lilikuwa na historia.

Najua ya kuwa nitapingwa. Nitaambiwa ya kuwa imani haitokani na istilahi, bali na matendo. Ya kuwa ukikiita kijiti kwa jina zuri namna gani, na hapana mtu wa kukitoa, utakuwa umedanganya kwa Kiswahili sanifu. Nakubali kabisa, wala sitaki hoja yangu itumiwe kupamba matangazo. Neno zuri juu ya kazi mbaya ni kasumba nyingine. Nami nina la kukiri. Niliporudi kutoka ng'ambo na shahada yangu, niliwahi kukaa katika kamati ndogo ya kutafsiri maelezo ya afya, na nililitetea neno kipandikizi kwa nguvu zangu zote kwa sababu lilikuwa limeundwa vizuri. Hapana hata mmoja wetu aliyekwenda kuuliza linavyosikika. Tulipima kiambishi, hatukumpima msikilizaji.

Kwa hiyo yale ninayoyaomba kwa wataalamu wenzangu ni machache. Kwanza, istilahi ya kitu kinachotiwa mwilini isipitishwe mpaka iwe imesikilizwa na watu ambao Kiswahili ni lugha yao ya pili, katika mahali kama Nanyamba, na maana zote zinazoamka ziandikwe. Pili, maelezo ya afya yaandikwe kwa kauli ya kutenda, na mtendaji atajwe: nesi wa zahanati hii atakitia, nesi huyo huyo atakitoa, na ikiwa hayupo utakwenda mahali fulani. Sentensi ya namna hiyo ina faida ya pili, kwamba mwandishi asiyeweza kuijaza hugundua mwenyewe ya kuwa huduma haijakamilika. Tatu, tuache kuukusanya uvumi kama vipepeo vya kuchomwa sindano kitabuni. Palipo na uvumi, mna swali ambalo halijajibiwa. Kazi yetu ni kulitoa swali hilo, tulitenge na uongo uliolizunguka, na tulipeleke kwa yule anayepaswa kulijibu, kabla damu ya mtu asiye na hatia haijamwagika kama ilivyomwagika Chamwino.

Yule bibi wa mkeka sikumwona tena. Lakini mwaka huu nilipopita huko niliambiwa ya kuwa mkaza mwana wake alikwisha kutolewa kijiti chake, baada ya kwenda mjini Mtwara kwa nauli yake mwenyewe. Swali lake basi limejibiwa kwa mtu mmoja. Kwa wengine bado lingali mezani, na ningependa kusikia kutoka kwa wasomaji wa Pemba, wa Kigoma na wa Mombasa kama huko nako linaulizwa, na kwa maneno gani.